Kabla ya Miaka Kumi na Miwili

Puleng alikuwa na miaka thelathini na nne, na viwanda vitatu vya nguo pale mjini Maseru vilikwisha kumfukuza. Si mvivu, asisingiziwe. Akipewa suruali mia azikague, akifika ya ishirini akili imeshatoka dirishani, macho yamebaki kwenye kitambaa bila kukiona. Daktari wa kliniki alimsikiliza mpaka mwisho, akasema dalili anazo, ila ugonjwa huu wa akili kutotulia hauthibitishwi mpaka ijulikane ulianza utotoni, kabla ya miaka kumi na miwili. Bila hivyo hakuna dawa. Ripoti za shule zililiwa na panya. Akabaki mama yake tu.

Kijijini wanamwita 'MaKatleho, yaani mama wa Katleho. Jina hilo alipewa siku aliyoolewa, kama ilivyo desturi yao, likamngoja mtoto wa kiume. Katleho akazaliwa, hakumaliza hata mwaka, na mama akabaki na jina lake. Kila anayemsalimu anamtaja marehemu. Puleng alikua akilisikia mlangoni, kisimani, kanisani.

Mama aliketi wima mbele ya daktari, blanketi limebanwa vizuri kifuani. Akaulizwa Puleng alikuwa mtoto wa namna gani.

"Mtulivu," akasema. "Ukimwambia kaa, anakaa."

Akaulizwa kwa njia nyingine, akajibu vilevile. Na huyu ni mtoto aliyekuwa akitumwa maji anarudi bila ndoo. Daktari akaweka kalamu chini, akawaomba wakapumzike kidogo.

Kwenye benchi la nje Puleng alimgeukia mama kwa hasira. Akamuuliza kwa nini anamharibia.

"Nikisema ulikuwa hutulii, ataomba mfano," mama akasema. "Nimpe upi, mwanangu?"

Miaka yote kijiji kiliambiwa ni mama aliyegeuza kisogo, Katleho akatambaa mpaka kwenye chungu cha maji yanayochemka. Kumbe mama alikuwa shambani. Aliyeachiwa mtoto ni Puleng, wa miaka saba, naye akamfuata panzi mpaka nyuma ya zizi. Kilio kile bado humjia mchana kweupe, katikati ya kelele za cherehani.

"Nilidhani umesahau," mama akasema.

"Sijasahau hata siku moja, Mama."

Walirudi ndani. Mama akayasema yote, la panzi na la chungu, bila kupunguza neno. Daktari akauliza kwa upole kama siku ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Hapana. Tangu ana miaka minne alikuwa hivyo," 'MaKatleho akajibu. "Nilijua hawezi kukaa mahali pamoja. Nilijua, na nikamwachia mtoto."

Daktari akaandika: miaka minne. Puleng, aliyeibeba lawama ya kifo kile miaka ishirini na saba, akamwona mama yake akiichukua yote, na hakujua amnyang'anye vipi.