Jembe la Siku ya Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu alinitazama toka mtandioni hadi viatuni akasema, "Wewe, kalete mnyororo, watu wa upimaji wangoja." Mimi mtoto wa Kibokoni, ofisi sijawahi kuiona kwa ndani. Nikamuuliza, "Kwani nani ashikwa, bwana?" Wallahi, chumba kizima kilicheka mpaka mtu akamwaga chai. Kumbe mnyororo ni wa kupimia ardhi: pingili za chuma zilizoungwa, unavutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kigingi ni ile alama izikwayo pembeni mwa shamba kuonyesha mpaka. Vyombo vipya vilikuwa vimeshaingia, lakini Karani Mkuu hakuviamini. Tangu siku ile hadi nastaafu niliitwa Bi Mnyororo, nami naitika.

Nyinyi mnaoingia kazi ya ardhi leo mna ramani ndani ya simu. Sisi zetu zilikuwa za karatasi iliyobandikwa kitambaa, na ukiikunjua ovyo Karani Mkuu alikuja juu. "Pole pole! Mna watu humo ndani," alikuwa akisema, "utawavunja shingo." Nilikaa chumba cha ramani, kisha nikahamishiwa upekuzi, ambako kazi ni kumtafutia mtu ni nani hasa mwenye kiwanja anachotaka kununua. Hapo nilijionea vituko. Kuna bwana mmoja wa maghala ya Kilindini aliyetaka kununua kiwanja ambacho, tulipopekua, kilikuwa cha mkewe mwenyewe!

Kisha nikapewa Mpimaji wa Wilaya, mtu mrefu, mkali, mpenda viazi karai. Yeye ndiye aliyenitoa kisiwani, akanipeleka vijiji vya bara. "Ukishavuka Makupa," aliniambia, "funga mdomo, fungua masikio." Nilifungua vyote viwili. Wanaume walipokuwa wakimwonyesha yeye mipaka, mimi nilikaa na wake zao, na huko ndiko nilikojifunza Kigiriama. Mpaka ambao mzee aliusahau, mkewe aujua, maana ndiye apitaye hapo na kuni kila uchao. Mpimaji alinung'unika mwanzo. Baadaye hakuwa akichomeka kigingi mpaka aniulize, "Wanawake wasemaje?"

Mwisho wa mwisho ikaja sheria mpya ya ardhi ya jamii. Zamani ardhi za vijiji vile zilishikwa na serikali kwa amana, yaani kwa niaba ya wenyewe. Sasa wenyewe waliambiwa: jiandikisheni, tajeni wanajamii wenu, onyesheni mipaka, mpewe hati kwa jina lenu, na msitu wenu ndani yake. Nikahamishiwa kwa Msajili. Bwana Msajili alikuwa mtu wa Mji wa Kale kama mimi, adabu zake za kumwagika. Alikuulizia hali ya nyanya yako kwanza, kisha ndipo akuulize faili.

Asubuhi moja akaja mwanamke wa makamo, leso mbili, chupa ya asali mkononi. Akaiweka mezani kwangu.

"Sikuja kuhonga," akasema. "Nimekuja kuonyesha."

Huyo ndiye Bi Mbeyu. Kijiji chake niacheni nisikitaje. Mumewe alikuwa amefariki, na alichokuwa akilishia wanawe ni mizinga ya nyuki aliyoitundika msituni kwa mikono yake. Kamati ya kijiji ilikuwa imeorodhesha wanajamii, na wake wote walioolewa pale waliachwa nje. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Karisa, ambaye ni ndugu wa marehemu mumewe, akamwambia aitoe mizinga kabla hati haijatoka. Kwa nini? Kwa sababu yeye ni mgeni. Kwao, mwanamke aliyeolewa kutoka kijiji kingine huitwa mgeni hata akiwa na wajukuu.

"Nimezaa pale, nimezika pale," akaniambia. "Sasa mizinga niipeleke wapi, Bi Zuhura? Nikaitundike Makupa, kwenye malori?"

Nilicheka, kisha nikataka kulia, kisha nikakasirika, vyote kwa mpigo. Nikamwonyesha jinsi ya kuleta pingamizi, ambayo ni haki ya mtu kusema "ngojeni kwanza" kabla ardhi haijasajiliwa. Akarudi na pingamizi, na nyuma yake wanawake wenzake tele.

Ofisi yetu haikuwatosha, tukaomba ukumbi karibu na Buxton. Kamati ya wazee ikaja, ikaketi upande wa kulia. Wanawake wakaingia, na Bwana Msajili, kwa adabu alizolelewa nazo, akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti tamu kabisa:

"Masalkheri. Karibuni, wageni wetu. Ketini, ketini, wageni waheshimiwa."

Lo! Hakuna aliyeketi. Walisimama wote, viti vyao mbele yao. Kisiwani kwetu, mgeni ndiye anayepewa kiti kizuri na kahawa ya kwanza. Kumbe Msajili kafungua kikao kwa neno lile lile lililowaleta kupinga.

Akaniinamia. "Bi Zuhura, nimekosa nini?"

"Umekwisha kata kesi, bwana," nikamnong'oneza. "Wakikaa, wamekubali kuwa wageni, na mgeni hana msitu."

Mzee Karisa akaona nafasi. "Bwana Msajili hakukosea," akasema. "Sisi hatumchukii shemeji yetu. Lakini mke ni mtu wa kuja. Kesho akiolewa kwingine, ataondoka na msitu wetu kwenye mkoba?"

Bi Mbeyu alifungua leso iliyofungwa kwenye kitu kirefu alichokuja nacho, akatoa jembe. Jembe kuukuu, limelika mpaka limekuwa dogo kama kiganja.

"Shemeji, wewe walijua hili?"

Mzee akalitazama. "Nalijua."

"Nani alinipa?"

"Mimi."

"Lini?"

Mzee akakohoa. "Siku ya tatu ya harusi yako."

"Kwa nini siku ya tatu?"

Hapo wanawake wakaanza kuchekelea, maana kila mtu ashajua yuwaenda wapi. Mzee Karisa mwenyewe mdomo ulianza kumcheza. "Mgeni siku mbili," akasema taratibu, "siku ya tatu mpe jembe."

"Basi ugeni wangu ulikwisha siku ile, na aliyeumaliza ni wewe. Na mpini huu umekatwa wapi?"

"Msituni."

"Haya! Jembe mwanipa, mpini wake mwaninyima?"

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele mle ndani, mpaka askari wa mlangoni akachungulia akidhani ni harusi. Wazee wenyewe wakagonga magoti kwa vicheko, na Mzee Karisa akafuta macho kwa kofia yake. Lakini hofu yake haikuwa ya uongo, na Msajili, namshukuru, hakuicheka. Akafungua sheria akamsomea: aliyeolewa katika jamii ni mwanajamii; akifiwa na mume abaki mwanajamii; akiolewa kwingine, ndipo uanajamii wake ukome.

"Kumbe yasema hivyo?" Mzee akashangaa. "Mbona hakuna aliyetwambia?"

"Mimi nilikwambia," Bi Mbeyu akasema. "Ukasema mgeni haulizwi."

Msajili akairudisha orodha ikaandikwe upya mbele ya kijiji kizima, wake na waume. Kisha akawageukia wanawake, mkono tena kifuani, na safari hii aliyachagua maneno yake. "Wenyeji wetu," akasema, "tafadhalini ketini." Wakaketi, na mimi hapo nililia wazi wazi, tena sikujificha.

Siku ya baraza kijijini nilikuwepo. Mzee Karisa alisimama mwenyewe akaita majina, na alipofika kwa shemeji yake alipaza sauti kuliko kwa wengine: "Mbeyu. Mwenyeji!" Hati ilipotoka, mizinga ilikuwa bado juu ya miti yake, na nyuki hawana habari.

Nikastaafu. Waliniaga kwa mahamri na mbaazi, na zawadi yao ilikuwa kipande cha mnyororo kilichong'arishwa, watani wabaya wale. Sasa nakaa Kibokoni, nagombana na paka na majirani. Mkiniuliza kazi hii yataka nini, nitawaambia muda wa kukaa na walio jikoni kabla hamjachomeka kigingi. Mengine mtafundishwa.

Mwaka huu Bi Mbeyu aliniita kwake kurina asali. Nilipofika alinipokea kwa kelele, "Karibu mgeni!" Nikapewa kitanda kizuri, nikapewa asali na masega yake, siku mbili sikuruhusiwa kuinua hata kikombe. Nikajiambia, pensheni ndiyo hii.

Siku ya tatu asubuhi akanigongea mlango. Mkononi ana jembe, mpini mpya, mweupe bado.

"Amka, Bi Mnyororo."

"Ala! Mikono hii ya kupiga muhuri?"

"Itazoea."

Nikalishika. Nikamuuliza mpini kaukata wapi, na hali nilikuwa najua.

"Msituni kwangu," akasema, akanitangulia shamba.