Ng'ombe wa Kumlipia Mama

Mama yangu hakuwa amelipiwa mahari. Kwetu Seme hilo si jambo la ajabu, maana maboma mengi yana deni la aina hiyo, lakini mimi nililificha. Nilifanya kazi ya benki mjini Kisumu, na mtu akiniuliza habari za wajomba zangu nilijibu tu kwamba wako Asembo, kana kwamba tulikuwa tunatembeleana. Baba alitoroka na mama wakiwa vijana, akaahidi kupeleka ng'ombe mambo yakinyooka. Alikuwa fundi wa kujenga nyumba za watu, na mambo ya fundi kama huyo hayanyooki.

Nilipopata mchumba na watu wake wakataka kuja kwetu, wajomba walituma neno. Ng'ombe wa binti hawaingii katika boma ambalo halijatoa ng'ombe wa mama yake. Ng'ombe hao wakija, wao wajomba ndio watakaowapokea na kuwaswaga hadi Asembo, mbele ya wakwe. Baba alikwenda kuwasihi na sukari kidogo. Mjomba mkubwa alimwambia mkono mtupu haulambwi, akamrudisha na sukari yake. Baadaye walilegeza kamba: alete ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake, mengine yatazungumzwa polepole.

Ng'ombe wa maziwa tulikuwa naye mmoja, na alikuwa wa mama. Mama alinunua omena, dagaa wa ziwani, kule Asembo Bay, akaziuza soko la Kombewa, na kwa faida hiyo ndogo akamnunua akiwa bado mtamba. Maziwa ya asubuhi yalikwenda kwenye hoteli ya chai na kumlipia mdogo wangu karo ya sekondari. Ya jioni tulikunywa sisi. Baba hakuwa na haki hata ya mkia wake.

Mama ndiye aliyesema, "Mchukueni huyo." Ningeweza kukataa. Ningeweza kukopa kazini, ila nilikuwa nimeshakopa kwa ajili ya mahema, wapishi na nguo zangu. Nikanyamaza, nikajiambia kwamba kunyamaza ni heshima.

Ila mke hajilipii mahari. Wajomba wangejua, wangemkataa yule ng'ombe, na mama angechekwa mpaka sokoni. Kwa hiyo mimi, msomi wa familia, nilimtungia baba maneno: amempata mnadani, kwa malipo ya kazi fulani ya ujenzi. Nilimkaririsha maneno hayo kama mtoto anayefundishwa katekisimu. Aliyakariri akitazama vidole vyake vya miguu.

Siku yenyewe mama alitangulia kwao kusaidia kupika, nami nikafuata na baba na wazee wetu. Ng'ombe alifungwa chini ya mti wa siala, ndama ubavuni. Wajomba walimzunguka, wakamshika kiwele, wakaridhika. Baba alisema maneno yake bila kukosea. Mjomba mkubwa alimpa mkono, akamwita shemeji kwa mara ya kwanza, na nilimwona baba akinyoosha mgongo.

Kisha mama akatoka jikoni na beseni la maji. "Wazee, karibuni mnawe," alisema. Basi, hayo tu.

Ng'ombe aliinua kichwa. Alilia, akang'oa kigingi, akapita katikati ya viti vya plastiki akiburuta kamba, ndama nyuma yake. Alifika kwa mama akaanza kumlamba mikono, kama alivyozoea kila alfajiri. Mama alimsukuma kwa kiwiko, maji yakamwagika, naye akazidi kusogea. Ng'ombe wa mnadani hamjui mtu namna ile.

Hakuna aliyecheka. Baba aliinamisha kichwa. Na mimi, naona haya hata kuandika, sikumhurumia yeyote. Nilimkasirikia mama kwa kufungua mdomo.

Mjomba mkubwa aliinuka, akashika kamba. "Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "kumbe umejilipia mwenyewe?"

Mama aliweka beseni chini. "Ng'ombe ametoka kwa bwana wangu," alijibu. "Nawa mikono, Mzee, chakula kinapoa."

Uongo nilioutunga mimi, yeye ndiye aliyeubeba mbele ya ndugu zake. Mjomba aliachia kamba, akanawa. Wote wakanawa. Ng'ombe akapokelewa.

Wakwe zangu walikuja na ng'ombe wazuri, watu wakapiga picha. Nilidhani mmoja atabaki zizini kwa mama. Kabla ya mwaka kwisha wote walikuwa wameshaswagwa kwenda kwao mke wa kaka yangu, maana kaka naye alikuwa na deni la mahari. Mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima, nami wakati huo nilikuwa bado nalipa mkopo wa mahema.

Sasa nikienda nyumbani nambebea mama maziwa ya pakiti. Anashukuru, anayachemsha, tunakunywa chai. Mwaka jana nilijikaza nikamwambia nataka kumnunulia ng'ombe mwingine. Alikuwa anapepeta omena, na hakuacha kupepeta.

"Nunua ukitaka," alisema. "Lakini utafute mtu wa kumkamua. Sitaki huyo naye ajue sauti yangu."

Sijamnunua mpaka leo.