Shimo la Kiganja

Kwa miaka kumi na tisa Mkutubi, kama walivyomwita hata nyumbani, alitunza vitabu vya chuo. Ukimwuliza habari za mapishi, atakwambia vitabu vyake viko rafu ya ngapi. Ukimwomba chai, atakutafutia kitabu. Maneno haya aliyasema mwenyewe, mapema, kabla watu hawajamwahi.

Mama yake alipofariki, alirudi kukaa na baba. Mzee hakuwa akiumwa, ila chakula kilimkataa: vijiko viwili, kisha anasukuma sahani. Suruali ilibaki kushikwa na mkanda tu. Mwezi wa pili Mkutubi akaingia jikoni na daftari la mapishi la marehemu, lile alilolicheka tangu apate shahada. Mambo ya kizamani, hata gramu moja hamna.

Siku hiyo aliyafuata kama sheria. Alikata vitunguu huku ameuma njiti ya kiberiti. Machozi yakamtoka vilevile, akalaumu kiberiti. Akalaza mwiko juu ya sufuria ya maharage yasifurike. Kisha akasoma: "Chumvi, jaza shimo la kiganja." Akajaza.

Alipoonja, uso ukamkunjamana. Kiganja cha nani? Mama alikuwa mtu wa kuvaa viatu vya watoto; yeye alirithi mikono ya baba, mabeleshi matupu. Msomi mzima! Akalirudia daftari: "Chumvi ikizidi, tumbukiza kiazi kizima, kitainyonya." Akatumbukiza, akaomba Mungu.

Mezani, kiazi kikajiviringisha hadi kwenye sahani ya mzee. Akakikodolea macho.

"Chumvi imezidi, eti binti?"

"Imezidi, baba. Ngoja nikukaangie yai."

"Hebu kaa. Unajua mama yako alikitia mara ngapi kiazi hiki? Mwaka wetu wa kwanza tulikula viazi vingi kuliko maharage."

"Mama? Mama huyuhuyu?"

"Sasa ulidhani hayo ya daftari aliyaota? Kila mstari una chungu kilichoharibika, binti yangu. Hata wali ulioungua mkaa alinilisha mimi!"

Akacheka mpaka akakohoa, mara ya kwanza tangu mazishi. Mkutubi naye akacheka, kwa aibu kidogo: alikuwa amemheshimu mama kwa kuchelewa, na bado kwa kudhani hakuwahi kukosea.

Mzee akakivunja kiazi kwa kijiko, akakila, akaendelea na maharage. Alimaliza sahani. Alimaliza na jagi la maji, na Mkutubi akainuka kwenda kulijaza tena.