Pasipoti ya Fungate

Mume wangu ni mtu wa Ujiji, na kwao fungate ni siku saba za kufungiwa chumbani, huku shangazi wakigonga mlango bila haya kuleta uji na kuuliza habari. Yeye alisema hapana, sisi fungate yetu itakuwa Dubai. Ana duka la simu pale Rusimbi, alikuwa ameshakwenda huko kufuata mzigo, na alitaka na mimi nikashangae. Shangazi zake walinuna. Mimi nilifurahi mpaka usingizi ukaniruka, maana mbali kabisa nilikowahi kufika ni Tabora.

Kilichokosekana ni pasipoti yangu. Mwombaji wa mikoa mingine huulizwa anakwenda wapi. Sisi wa Kigoma huulizwa tumetoka wapi, na bibi zetu walitoka wapi, na kama huna jibu la haraka bora ukae kwako. Mtu yeyote wa mtaani angeniambia hivyo. Lakini nilikuwa bibi harusi, na bibi harusi hasikii.

Baba alifariki nikiwa mchanga, na nduguze hatukuwajua. Akabaki mama, anayekausha dagaa Ilagala, ambaye hana cheti chochote zaidi ya kitambulisho chake cha taifa. Watu wa uhamiaji wakamwita aje kuhojiwa pamoja nami. Mjomba wangu, mtoto wa mzee aliyemlea mama, alimfundisha jioni nzima.

"Dada, wakikuuliza baba yako kazikwa wapi, sema hapa Ilagala. Kaburi la mzee wetu. Basi, usiongeze neno."

"Nimesikia," mama akasema.

Nami sikuona uongo wowote hapo. Kaburi lile nililipalilia tangu utoto nikijua ni la babu yangu. Nilijua tu kwamba mama alilelewa pale, sikujua kwamba aliokotwa.

Ofisini mume wangu aliambiwa asubiri nje. Afisa alikuwa kijana mpole, akamwamkia mama shikamoo na kumvutia kiti. Upole wake ndio uliotumaliza. Nadhani angefoka, mama angekumbuka mafunzo.

"Baba yako mzazi kazikwa wapi, mama?"

Mama alitengeneza khanga yake begani. "Hakuzikwa."

Yule kijana akaacha kuandika.

"Tulimwacha njiani, huko Burundi. Mama yangu alisema tusisimame. Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka alivyolala. Alikuwa na kiatu kimoja." Alisema polepole, macho mezani. "Mzee wa Ilagala alinipokea, alinilea vizuri, Mungu amrehemu. Lakini si yeye uliyeniuliza. Siwezi kumkana baba yangu mbele ya watu, hana hata kaburi la kumtetea."

Nilimkasirikia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Maisha yangu yote hakuniambia, akaja kumwambia mgeni mwenye kalamu. Halafu nikaona afisa anaishika tena kalamu na kuandika, na hasira ikageuka woga.

Afisa alimwomba kitambulisho chake, akakiweka upande wake wa meza. Akanigeukia mimi. "Na wewe, dada, kitambulisho chako."

Hapo mama akasimama. Mwanamke ambaye dakika moja nyuma alishindwa uongo mdogo, aliofundishwa na kuukariri, aliutoa mkubwa bila kumeza mate.

"Huyu si wangu," akasema. "Nilimlea tu. Mama yake alikuwa mtu wa Mwandiga, Muha wa hapahapa, alikufa akimzaa. Mimi andika unavyotaka. Huyu muache aende na mume wake."

Hakunitazama. Sura yangu na yake ni moja, hata kipofu angejua akituwekea mkono usoni. Afisa alitutazama wote wawili, na naamini alikuwa anatufungulia mlango wa kutokea. Aliuliza taratibu, "Ni kweli, dada? Si mama yako?"

Nje nilimsikia mume wangu akicheka na mtu kwenye simu.

"Ni mama yangu," nikasema. "Amenizaa yeye."

Kijana alishusha pumzi, akachukua na cha kwangu. Alisema tutaitwa uchunguzi wa uraia wetu ukikamilika.

Bado hatujaitwa. Mume wangu alikwenda Dubai peke yake kwa kuwa tiketi ilishalipiwa, akarudi na mzigo wa simu na marashi yangu. Shangazi zake sasa hunisalimia kama mpangaji.

Siku ile nilimsindikiza mama hadi Ilagala. Tulipofika alitua mkoba wake mlangoni, akanigeukia, na machozi ambayo ofisini hayakutoka yakatoka.

"Mjinga wewe," akaniambia. "Nilikuwa nimeshakutoa."