Nilivyomfundisha Mama Kuogopa Ndege

Mama aliniuliza swali moja tu. Tulikuwa jikoni nyumbani kwetu Ngonga, yeye anachambua usipa, vidagaa vya ziwani, kwenye ungo. Kaka yangu alikuwa amepiga simu punde kutoka Dar es Salaam kusema tiketi zimepatikana, ya mama na yangu mimi wa kumsindikiza. Mama alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Kwa basi asingeweza. Hata safari ya bajaji kwenda Kyela mjini ilikuwa ikimwacha ameshikilia ukuta, na ilimchukua muda kabla hajaweza kumwitikia mtu salamu. Kwa hiyo ilikuwa ama ndege kutoka Songwe, ama nyonga ibaki ilivyo.

"Mwanangu," akasema, "wewe unayesoma mambo ya ndege. Kile kidude kinakaaje juu?"

Ningejibu kwa sentensi moja, yangeishia pale. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa najifunza peke yangu masomo ya mwanzo ya ndege: injini, mifumo, vipimo vilivyo mbele ya rubani. Nilikuwa napakua masomo nikienda mjini ambako mtandao una nguvu, halafu nayasoma nyumbani kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Chuo sijakanyaga. Nilitaka kuomba nafasi ya kusomea ufundi wa ndege, na kila nilipokaribia kuomba nilijiambia bado, kuna sura moja sijaielewa vizuri. Ndivyo nilivyo. Nikifua shati likabaki na doa moja, narudia ndoo nzima.

Basi nikachukua mkaa na mfuniko wa sufuria, nikachora maduara sita kwenye ukuta wa jiko: kipimo cha mwendo, kipimo cha mwinuko, dira na vingine. Lile la mwinuko lilitoka na pembe kidogo. Nikalifuta, nikachora tena, nikafuta tena, mpaka sehemu ile ya ukuta ikawa nyeusi tii.

"Umeniharibia ukuta," mama akasema. "Haya, endelea."

Siku ile tulianza na injini, na nilifundisha vizuri, hilo naweza kujisifu. Nilimwambia injini inavuta hewa kwa mbele, inaibana, inaichoma pamoja na mafuta, na ule moto unaotoka kwa nguvu nyuma unazungusha gurudumu linalozungusha pangaboi. Akauliza kama ni mapangaboi kama yale ya kanisani. Nikasema ni makubwa zaidi, na yako nje, kila bawa na lake.

"Kwa hiyo ni mashine ya kukoboa mpunga iliyotoroka," akasema, akacheka mpaka akashika nyonga.

Jumapili aliwaambia akina mama wenzake kwamba binti yake anamfundisha ndege. Mmoja akaniita rubani. Nilijifanya sikusikia, lakini nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu mwenye kofia mpya.

Siku iliyofuata tukaingia kwenye mifumo. Nilimweleza kwamba ndege ile ina injini mbili, na vitu vingi muhimu vimewekwa viwiliviwili.

"Kwa nini viwili?"

"Ili kimoja kikizimika, kingine kiendelee."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Kwa hiyo huwa kinazimika."

"Mara chache sana, mama."

"Mara chache ni mara."

Mtu mwingine angeona uso ule na kunyamaza. Mimi niliona swali lililojibiwa nusu, na jibu nusu linaniwasha kama upupu. Nikamweleza injini ikizimika rubani hufanya nini kwanza na nini baadaye, ndege huvutika upande gani, na pangaboi lililozimika hugeuzwaje lisishindane na upepo. Nilieleza yote kwa mpangilio. Nilifurahi kwamba sikuhitaji kutazama simu hata mara moja.

Kisha nikafika kwenye vipimo. Nikaonyesha duara la mwendo, nikamwambia kuna mrija mdogo nje ya ndege unaopokea upepo wa mbele, na kwa upepo ule ndipo rubani anajua anakwenda kasi gani. Mrija ukiziba, kipimo kinadanganya.

"Unazibwa na nini, na uko juu mbinguni?"

"Unazibwa ndege ikiwa chini. Nyigu wanaweza kuingia wakajenga."

Mama akainua macho. Kwenye boriti ya jiko letu nyigu wameshajenga viota vya udongo, kimoja juu ya kingine, na kila akivibomoa wanarudi. Aliviangalia muda mrefu.

"Na Songwe wapo nyigu?"

"Wapo kila mahali. Ndiyo maana ule mrija unavalishwa kifuniko chenye utepe mwekundu."

"Anayekivua nani?"

"Mtu. Kabla ya safari."

"Akisahau?"

"Rubani naye anakagua."

"Imeshawahi kusahaulika?"

Hapo ndipo ningeweza kumwachia mama usingizi wake. Nilisema ndiyo, imewahi. Nilijiona mtu mkweli. Nikaongeza na mfano.

Asubuhi nilimkuta amekaa mlangoni na simu mkononi, ameshampigia kaka. Alikuwa amemwambia kwamba atapanda basi, alale kwenye kiti, afike atakavyofika. Au asiende kabisa. Akanipa simu bila kuniangalia.

"Umemwambia nini mama?" kaka akauliza.

"Aliniuliza, nikamjibu."

"Ulimjibu nini?"

"Jinsi ndege inavyofanya kazi."

"Mbona mimi nimepanda, na hakuna aliyenieleza inavyofanya kazi, na nilifika? Anataja nyigu. Nyigu wa nini?"

Nilisema nitarekebisha, na kwa mtu kama mimi kurekebisha ni kufundisha zaidi. Nilirudi jikoni nikamweleza mama mafundi wanavyokagua na marubani wanavyojaribiwa. Kila kinga niliyoitaja ilibidi kwanza nitaje balaa inayokingwa, na yeye alishika balaa tu. Mwisho akaweka mwiko chini.

"Wewe mwenyewe ungepanda kwa amani?"

Nilichelewa kujibu. Haikuwa muda mrefu, pengine wa kumeza mate. Mimi sijawahi kupanda ndege. Kwa mwaka mzima, kwenye kila somo nilikimbilia sehemu ya hitilafu kabla ya kusoma sehemu nyingine, na nilidhani ni bidii. Mama aliuona ule uchelewaji. Akachukua mwiko wake.

"Ndaga, asante, mwanangu. Nimeelewa."

Aliyemwokoa mama ni mteja wetu wa mchele, mama mwenye duka la vitenge Kyela mjini, ambaye wazee wake walitoka pwani. Alikuja kuchukua magunia yake, akakuta nyumba imenuna. Mama akamsimulia: injini, pangaboi, mrija, nyigu. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"We mtoto, umemfundisha mama yako safari au msiba?"

Mama akacheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba tangu juzi hakuwa amecheka.

"Mimi huenda Dar kwa ndege kufuata mzigo," yule mama akaendelea. "Mwenzangu, unakaa, unafunga mkanda, unasoma dua yako. Wanakuletea soda na karanga. Ukimaliza karanga umefika. Hiyo mirija waachie wenyewe."

"Na ikizimika moja?"

"Mimi nimelala, nitajuaje?"

Walipanga wao wawili, mimi nikiwa nimesimama pale pale. Yule mama angefanya safari yake iwe siku ile ile, waende pamoja. Nikauliza nibebe mabegi gani. Mama alinijibu kwa upole, na ule upole ndio uliniumiza.

"Wewe baki, mwanangu. Najijua. Ukikaa pembeni yangu nitakuangalia usoni njia nzima."

Tiketi yangu iliachwa ipotee. Asubuhi ya safari niliwasindikiza mpaka lilipokuwa gari la kuwapeleka Songwe, nikamfungia mama mlango, na sikusema neno lolote kuhusu ndege. Nilirudi nikatandaza mpunga uani, nikakaa na simu. Nilifikiria nyigu wote wa Songwe.

Alipiga mchana. Nyuma yake nilisikia magari na sauti ya kaka.

"Tumefika."

"Ilikuwaje, mama?"

"Kelele. Kulikuwa na jambo. Tulipoacha ardhi, bado tunapanda, ile sauti ikashuka ghafla. Nikajua ndiyo hiyo, moja imezimika. Nikamtazama mwenzangu, amelala. Nikaona nisiwatie watu hofu. Nimesali mpaka tumeshuka."

Ni jambo la kawaida kuliko yote. Ndege huondoka kwa nguvu nyingi, na ikishashika njia yake ya kupanda, rubani hupunguza nguvu ili injini zisichoke, na sauti inashuka. Inatokea kila safari. Nililijua. Lilikuwa kwenye masomo ya mwanzo kabisa, na sikulitaja kwa sababu si hitilafu. Mama yangu alikaa juu kule na nyonga yake mbovu, akaamini anakufa, akanyamaza ili asiwasumbue wengine, na mimi ndiye niliyempa ile imani.

Nikamweleza kwa sentensi mbili.

"Kumbe," akasema. "Basi hilo lilikuwa dogo."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini, si nimefika? Ila siku ya kurudi usinieleze kitu mpaka nikuulize. Na nikiuliza, nipe kidogo." Kaka alikuwa anamwita apande gari. "Mwenzangu anasema asubuhi huko mawingu yalikuwa yanashuka kutoka milimani. Mpunga umeanua?"

Nikasema nimeanua. Mpunga bado ulikuwa uani, na matone ya kwanza yalikuwa yanagonga bati.