Rafiki Yangu Hakutaka Nifike Kwake Muthangari

Hamjambo nyote. Tafadhali nifichieni jina, maana wanaohusika wanasoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na mmoja, nimeolewa, na ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kitui. Kabla ya kuolewa mwaka wa 2003 niliishi Ngara, Nairobi, chumba kimoja na rafiki nitakayemwita Wanja. Tulilala kitanda kimoja, tukaazimana nguo mpaka viatu. Baadaye naye akaolewa, akahamia mtaa wa Muthangari, hapo hapo Nairobi.

Likizo hii ya Agosti nilienda Nairobi kumwona, nikafikia kwa binamu yangu. Tulikutana Kenyatta Market, tukasukwa, tukaagiza nyama choma, tukacheka mpaka wasusi wakatugeukia. Lakini kila nikisema leo nalala kwake, anabadilisha maneno. Mara nyumba inapakwa rangi, mara mama mkwe amekuja. Tukiwa bado tunakula, simu yake ikalia mezani. Jina nililoliona ni la mdogo wangu, nitakayemwita Mumbua. Aliinyakua akaizima.

"Mumbua anakupigia wewe?"

"Aii, kwani Mumbua ni mmoja Nairobi hii yote?"

Akacheka peke yake.

Sisi nyumbani tunajua Mumbua yuko chuo, anasomea uuguzi. Mimi huwa ananiflashi tu, simu inalia mara moja anakata, na nikimpigia anasema yuko wodini, hawezi kuongea. Niliisukuma sahani ya nyama kando.

Kesho yake nilienda Muthangari bila kumwambia mtu. Niliwauliza walinzi mpaka nikaonyeshwa geti la kwa Wanja. Aliyenifungulia ni Mumbua, na mtoto mgongoni.

Alilia hadi akakaa chini. Akanieleza kuwa alipata mimba, akaacha chuo, akaogopa kurudi nyumbani. Wanja ndiye aliyemchukua. "Mimi ndiye nilimwapisha asikuambie, dada. Mama angekufa na aibu."

Wanja akatoka ndani, akasimama mlangoni. Nilikuwa na hasira, lakini kusema kweli nilikuwa pia tayari kumpigia magoti nimshukuru.

Ndipo mumewe akaingia na gari. Hakunisalimia. Alimtazama Mumbua kwanza, na Mumbua akainamisha kichwa. Mtoto akaanza kuruka mgongoni, akimnyooshea yule mwanamume mikono.

"Mtoto huzoea mtu yeyote anakaa na yeye," Wanja akasema haraka.

Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Nilimvuta Mumbua kando, nikamwuliza baba wa mtoto ni nani. "Dada, niulize kitu ingine yote, si hiyo." Nikamwambia afunge nguo zake twende wote Kitui. Akakataa, huku akiangalia dirisha la nyumba. Wanja alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono kwa nguvu. "Siku ingine unipigie kwanza kabla ukuje," akasema, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua.

Sasa nimerudi Kitui. Mama ananiuliza Mumbua anamaliza masomo lini, na mimi namjibu uongo. Sijui kama Wanja alimwokoa ndugu yangu, au anamfungia pale ili aibu ya mumewe isitoke nje. Nikisema na nimekosea, nitakuwa nimevunja nyumba ya mtu aliyetusaidia. Nikinyamaza, ndugu yangu anabaki kwa yule mwanamume. Ninyi mnaoona kutoka nje, niambieni: nianzie kwa mama, kwa Wanja, au nirudi pale getini nimchukue Mumbua kwa lazima?