Mama na Bahasha ya Kodi

Jumatatu tarehe 27 Oktoba 2014, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, mama alitoka chumbani amevaa kitenge chake cha kanisani, kwapani ana bahasha ya karatasi za kodi ya mapato. Za miaka yote tangu tufike Toronto. Alikuwa anashuka kupiga kura ya kuchagua viongozi wa jiji, kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu hapa St. James Town.

Mimi nilijua. Shuleni tulishafundishwa kwamba asiye raia hapigi kura, hata alipe kodi namna gani. Nilinyamaza wiki nzima, kwa sababu kila jioni akijikanda magoti mama alimtaja yule mgombea aliyeahidi kutupigania lifti itengenezwe. Sisi tunakaa ghorofa ya kumi na saba.

"Babu yako alitembea na risiti ya kodi ya kichwa ndani ya kofia," aliniambia tukishuka ngazi. "Askari akikukuta huna, unalala ndani. Aliuza mbuzi, akalipa. Na nani alimuuliza anataka kutawaliwa na nani? Hakuna. Mimi leo nitaulizwa."

Kwenye foleni jirani yetu Mtanzania, aliyepata uraia mwaka jana, alimtania: "Dada, umependeza hivyo, kuna harusi?"

"Ipo. Naolewa na lifti."

Watu wakacheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kwenye meza ya wasimamizi wa kura mama alizipanga karatasi moja moja, mwaka kwa mwaka. Baba yake alimlea akijua karatasi ya kodi ndiyo mtu mwenyewe. Msichana wa mezani hakuzigusa. Alimuuliza kama ni raia. Mama akanigeukia nimjibie, kama tunavyofanya kila ofisi. Nikajifanya nasoma tangazo la ukutani. Basi akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha kazini, kwamba bado. Akaambiwa pole, akaombwa awapishe wengine. Kuzikusanya zile karatasi kulichukua muda.

Tukipanda kurudi, ghorofa ya tisa alikaa kwenye ngazi, bahasha mapajani.

"Kumbe mimi na babu yako ni wale wale."

Nilimshika mkono, tukaendelea kupanda.

Asubuhi alinimiminia chai, akauliza bila kunitazama: "Wewe ulikuwa unajua?"

"Hapana, mama," nikasema. Nikaiacha chai, nikachukua begi, nikashuka ngazi mbio nikiogopa asije akaniita.